Umeme wa upepo baharini: unavyopangwa, unavyojengwa, na mahali pa mvuvi

Kila yanapozungumzwa masuala ya uchumi wa baharini hapa Pwani, upepo hutajwa kwa haraka, kisha mazungumzo yakahamia kwenye bandari, samaki na mafuta. Hadi ninapoandika makala haya, hakuna mtambo hata mmoja wa upepo uliosimamishwa katika bahari ya Kenya. Lakini kawi hii imekuwa biashara kubwa Ulaya na Uchina, na siku pendekezo likiletwa kwetu haitakuwa vizuri tuanze kuuliza maana ya maneno tukiwa tumeshakaa mkutanoni.

Kwa hivyo nimeamua kueleza, hatua kwa hatua, jinsi mradi mkubwa wa aina hii unavyozaliwa. Nimechagua mradi mmoja ambao historia yake iko wazi: London Array, uliojengwa kwenye mlango wa mto Thames, Uingereza. Una mitambo 175 yenye uwezo wa kutoa megawati 630. Ulipoanza kazi kikamilifu mwaka 2013 ulikuwa mkubwa kuliko wote wa baharini duniani, na uliishikilia nafasi hiyo hadi 2018.

Nimeuchagua kwa sababu unafundisha jambo moja ambalo nataka msomaji abaki nalo. Kujenga baharini kulichukua kama miaka miwili. Kupanga kulichukua kumi. Na katika ile miaka kumi ndimo wavuvi, wanakijiji na hata ndege walikuwa na uwezo wa kubadilisha mambo.

Kwanza, kutafuta mahali

Mradi wa kwanza wa umeme wa upepo baharini ulijengwa Vindeby, Denmark, mwaka 1991. Ulikuwa na mitambo 11 midogo, kila mmoja ukitoa kilowati 450. Sababu ya kutoka nchi kavu kwenda baharini ni rahisi kwa mtu yeyote aliyewahi kutweka tanga: upepo wa baharini hauna vilima, miti wala majumba ya kuukata. Unavuma kwa nguvu zaidi na kwa utulivu zaidi.

Lakini upepo peke yake hautoshi. Wapangaji hutafuta vitu vinne kwa pamoja: upepo mzuri, kina kifupi, ardhi ya chini inayoshika nguzo, na mahali pa kuunganisha nyaya na gridi ya taifa. Mlango wa Thames ulikuwa navyo vyote. Uchunguzi wa mazingira wa mwaka 2001 ulionyesha kuwa eneo hilo linafaa. Kuna mafungu marefu ya mchanga, na mitambo ilipangwa kwenye mafungu mawili yanayoitwa Long Sand na Kentish Knock, kiasi cha kilomita 20 kutoka ufukweni, mahali ambapo kina hakizidi mita 25 hivi. Mji mkubwa wenye njaa ya umeme, London, uko karibu.

Mahali pakishaonekana, hupimwa. Mnara wa kupima upepo husimamishwa na kuachwa usome misimu yote. Meli hupita zikipima kina na kutoboa sakafu ya bahari ili kujua kama chini kuna mchanga, udongo wa mfinyanzi au mwamba. Katika bahari za Ulaya hutafutwa pia mabaki ya meli zilizozama na mabomu ya vita yasiyolipuka. Huhesabiwa samaki, ndege na wanyama wa baharini, mwezi baada ya mwezi. Haya ndiyo makaratasi ambayo baadaye huitwa tathmini ya athari za kimazingira. Kama mvuvi hakuulizwa wakati huo, njia zake, maeneo yake na misimu yake havimo ndani ya makaratasi hayo, na kisichomo ndani ya makaratasi huwa ni kama hakipo.

Pili, ruhusa ya bahari na ruhusa ya nchi kavu

Uingereza, sakafu ya bahari iliyo karibu na pwani husimamiwa na taasisi inayoitwa Crown Estate. Mwaka 2003 iliikodisha London Array eneo lile pamoja na njia ya nyaya kwa miaka 50. Hilo lilikuwa ni kodi tu. Ruhusa ya kujenga ilikuwa jambo jingine, na ile ya sehemu ya baharini ilitolewa na serikali Desemba 2006.

Hapa ndipo wengi hushangaa. Mradi wa baharini ulikwama nchi kavu. Umeme unaozalishwa baharini lazima utue mahali, na mahali palipochaguliwa ni Graveney, kijiji cha Kent kilicho karibu na mji wa Faversham, kwenye kilima cha Cleve Hill. Hapo palitakiwa kituo kikubwa cha kupandisha nguvu ya umeme kabla ya kuingia kwenye gridi. Wanakijiji walilalamika kuhusu malori, kelele na sura ya mahali pao. Baraza la mji la Swale likakataa kutoa kibali. Ilibidi ufanyike uchunguzi wa hadhara, watu wakatoa ushahidi, na ruhusa ikapatikana 2007.

Mimi naona funzo hapa kwa kaunti zetu. Mradi wa aina hii haumhusu mvuvi peke yake. Unamhusu mwenye shamba ambalo waya utapita, mwenye nyumba kando ya barabara ya malori, na mji wenye bandari ndogo itakayotumika.

Tatu, pesa

Mradi huu ulibuniwa na kampuni tatu kubwa, mojawapo Shell. Mwezi Mei 2008 Shell ilijiondoa. Kwa muda ilionekana kama kazi yote itaanguka. Aliyekuja kuuokoa alitoka upande wa bahari tunaoufahamu: Masdar, kampuni ya serikali ya Abu Dhabi, ilinunua asilimia 20. Nusu ya mradi ilikuwa ya DONG Energy ya Denmark, ambayo leo inaitwa Ørsted, na asilimia 30 ikabaki kwa E.ON ya Ujerumani. Uamuzi wa kutoa fedha ulifanyika 2009, na gharama ya awamu ya kwanza ilitajwa kuwa kiasi cha euro bilioni 2.2.

Miradi hii hula fedha karibu zote mwanzoni. Upepo hauuzwi dukani kama mafuta ya dizeli, kwa hivyo gharama ni chuma, meli, nyaya na riba. Ndiyo maana mwekezaji hakubali kuanza mpaka awe na uhakika wa bei atakayouzia umeme kwa miaka mingi. Bei hiyo hatimaye hulipwa na mnunuzi wa tokeni. Mkataba wa kuuza umeme basi ni jambo la umma, ingawa mara nyingi hufichwa kana kwamba ni siri ya ndoa.

Nne, kazi ya ujenzi

Nguzo ya kwanza ilipigwa baharini Machi 2011. Msingi wa kila mtambo ni bomba moja nene la chuma, lenye uzito wa mamia ya tani, linalosimamishwa wima na kupigwa nyundo kubwa mpaka lizame ndani ya sakafu ya bahari. Meli inayofanya kazi hii ina miguu. Ikifika mahali pake huishusha miguu hadi chini, kisha hujiinua juu ya maji ili mawimbi yasiitikise wakati winchi inanyanyua mzigo. Juu ya bomba hufungwa kipande cha chuma kilichopakwa rangi ya manjano, chenye ngazi na jukwaa. Hicho ndicho mabaharia wanachokiona kutoka mbali.

Jumla ya misingi ilikuwa 177: ya mitambo 175, na miwili ya vituo vya umeme vilivyojengwa baharini humo humo. Baada ya msingi huja mnara, kisha kichwa chenye jenereta, kisha mapanga matatu. Kila mtambo wa London Array una uwezo wa megawati 3.6. Mapanga yakizunguka huchora duara lenye upana wa mita 120, na ncha ya panga ikiwa juu hufika mita 147 kutoka usawa wa maji. Mitambo imeachiana nafasi kubwa, kwa sababu ulio mbele huuchafua upepo wa ulio nyuma, kama jahazi linavyomkinga mwenzake akikosa upepo wa tanga.

Kisha nyaya. Kila mtambo hutoa umeme kupitia waya uliofukiwa chini ya mchanga hadi kwenye mojawapo ya vituo viwili vya baharini. Hapo nguvu ya umeme hupandishwa hadi volti 150,000, na nyaya nne nene, kila mmoja ukiwa na urefu wa zaidi ya kilomita 50, huupeleka Graveney. Kule hupandishwa tena hadi volti 400,000. Bila nyaya na vituo hivyo, mitambo yote ni mapambo.

Sisi Wakenya tunalijua hilo. Mradi wa upepo wa Ziwa Turkana una mitambo 365 na uwezo wa megawati 310, lakini ulikaa zaidi ya mwaka mmoja bila kupeleka umeme kwa sababu laini ya kilomita 438 kutoka Loiyangalani hadi Suswa ilichelewa. Iliunganishwa Septemba 2018.

Mtambo wa mwisho wa London Array ulisimamishwa Desemba 2012. Mradi ukafunguliwa rasmi Julai 2013 na David Cameron, aliyekuwa waziri mkuu. Mwaka 2015 ulizalisha kiasi cha uniti bilioni 2.5 za umeme, uniti zile zile tunazozinunua kwa tokeni. Kama mitambo yote ingezunguka kwa nguvu zake zote usiku na mchana mwaka mzima, zingekuwa uniti bilioni 5.5. Kwa hivyo kiongozi akikuambia mradi wa upepo ni wa megawati fulani, jua anataja kilele. Upepo una siku zake za kulala.

Tano, wavuvi

Wakati wa ujenzi, sheria ya Uingereza inaruhusu kuweka eneo la usalama la mita 500 kuzunguka kila mtambo unaojengwa. Ujenzi ukiisha, linaweza kupungua hadi mita 50. Maana yake ni kwamba kisheria mvuvi wa Uingereza anaweza kurudi kuvua kati ya mitambo. Ubelgiji ni tofauti: ndani ya maeneo ya mitambo uvuvi umepigwa marufuku. Ni bahari moja, upepo mmoja, lakini sheria mbili. Kwa hivyo mtu akisema kuwa mitambo ya upepo hufukuza wavuvi, au kwamba haiwafukuzi, muulize anazungumzia sheria ya nchi gani.

Hata pale sheria inaporuhusu, wavuvi wa nyavu za kukokota wengi huogopa kuingia, kwa hofu ya kunasa waya au kugonga nguzo injini ikizima. Wenye mitego ya kaa na mishipi hupata nafuu zaidi. Misingi ya chuma na mawe yanayowekwa kuizuia isichimbwe na mkondo huota kome na mimea, na baadhi ya samaki huvutiwa kukaa hapo kama wanavyokaa kwenye mabaki ya meli.

Kelele za kupiga nguzo ni suala jingine. Sauti husafiri mbali ndani ya maji, na inaweza kuwadhuru pomboo na samaki. Leseni za Uingereza hudai nyundo ianze kwa nguvu ndogo ili wanyama wapate nafasi ya kuondoka, na wawepo watazamaji melini. Zinaweza pia kuzuia upigaji wa nguzo katika msimu wa samaki kutaga.

Kuhusu riziki, kule kuna miongozo inayotaka kila mradi uwe na afisa wa kuzungumza na wavuvi tangu mapema. Wavuvi wanaoondolewa njiani wakati wa vipimo au ujenzi hulipwa kwa kuonyesha rekodi za walichokuwa wakivua, na mara nyingine mashua zao hukodiwa kulinda eneo. Naomba wavuvi wetu wasome tena maneno haya: kwa kuonyesha rekodi. Asiye na daftari la mavuno yake hana ushahidi.

Sita, ndege aliyesimamisha awamu ya pili

Mpango wa asili ulikuwa megawati 1,000. Awamu ya pili haikujengwa. Mlango wa Thames ni makao ya maelfu ya ndege mmoja mzamiaji, ambaye Waingereza humwita kwa jina la koo lake jekundu, na ambaye huja hapo wakati wa baridi. Ndege huyu huchukia mitambo na vyombo, na huhama pakijengwa. Serikali iliruhusu awamu ya kwanza lakini ikaweka sharti: awamu ya pili itasubiri ushahidi kwamba ndege hawatadhurika. Kukusanya ushahidi huo kungechukua miaka mingine mitatu bila hakika ya jibu, na eneo lililobaki lilikuwa na ugumu wake wa kiufundi. Februari 2014 wenye mradi wakaachana nayo.

Kuna watakaocheka kwamba ndege amewashinda matajiri. Mimi sicheki. Ndege yule hakuwa na wakili. Alikuwa na watu waliomhesabu kila msimu kwa miaka, na sheria iliyosema hesabu hiyo iheshimiwe.

Saba, baada ya ujenzi

Mitambo hiyo hutunzwa kutoka bandari ya Ramsgate. Mafundi hutoka asubuhi kwa boti, wakipanda ngazi pale bahari inaporuhusu. Hizi ndizo kazi za kudumu, na si nyingi kama zile za ujenzi. Meli kubwa na winchi zake huondoka mara kazi ikiisha.

Mitambo nayo huzeeka. Ile ya Vindeby iling'olewa 2017 baada ya miaka 25. Kung'oa ni gharama, na suala la nani atailipa huandikwa kwenye leseni siku ya kwanza, si siku ambayo kampuni imeshauzwa mara tatu.

Na hapa kwetu?

Kusi letu lina nguvu, na kaskazi nayo ina siku zake. Tatizo letu ni kina. Sehemu kubwa ya pwani ya Kenya, ukishavuka mwamba, chini huporomoka haraka, na nguzo za kupigwa kama za Thames haziwezi kusimama. Teknolojia ya mitambo inayoelea ipo: Hywind Scotland, uliofunguliwa 2017, una mitambo mitano ya jumla ya megawati 30, iliyofungwa kwa minyororo na nanga katika maji ya kina cha mita mia hivi. Lakini bado ni ghali, na minyororo hiyo si rafiki wa nyavu.

Mahali ambapo maji mafupi yametanda kwa upana ni Ghuba ya Ungwana, zinakomwagika Tana na Sabaki. Hapo hapo ndipo penye kamba na samaki wengi, na ndipo wavuvi wadogo walipogombana miaka mingi na meli za kukokota. Hilo ndilo linalonifanya niandike. Mahali panapomfaa mhandisi ndipo panapomlisha mvuvi.

Tumeshapata mafunzo yetu wenyewe. Mwaka 2018 Mahakama Kuu ya Malindi iliamuru wavuvi zaidi ya 4,000 wa Lamu walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.76 kwa madhara ya ujenzi wa bandari. Kesi ilikuwa imefunguliwa 2012. Mwaka 2019 mahakama ya masuala ya mazingira ilifuta leseni ya mtambo wa makaa ya mawe wa Lamu kwa sababu wananchi hawakushirikishwa ipasavyo. Na nyanda za juu, mradi wa upepo wa Kinangop uliachwa 2016 baada ya mgogoro wa ardhi na wenyeji. Kawi safi haikuuokoa. Usipoziba ufa utajenga ukuta.

Kwa hivyo pendekezo likija, vikundi vya usimamizi wa fuo na wazee wa vijiji waulize haya kabla ya kutia sahihi yoyote. Ramani ya eneo iko wapi, na njia zetu za kuvua zimechorwa ndani yake? Vipimo vimefanywa kusi na kaskazi, au wiki mbili tu? Waya utatua wapi, na ardhi hiyo ni ya nani? Baada ya ujenzi tutaruhusiwa kuvua ndani? Fidia itahesabiwa kwa rekodi gani, na atalipwa mwenye chombo peke yake au na mabaharia wake, na mama anayenunua samaki ufukweni? Kazi ngapi zitabaki baada ya meli kuondoka? Nani atang'oa mitambo ikizeeka, na fedha hizo zimewekwa wapi?

Mimi si mpinzani wa umeme wa upepo. Wazee wetu walifika Maskati na Bara Hindi kwa upepo huu huu, na sioni vibaya uwashe taa za wajukuu wao. Ninachosema ni kwamba maswali hayo huwa na nguvu wakati mradi ungali kwenye karatasi. Na daftari la mavuno, mvuvi, lianze leo: tarehe, mahali, aina ya samaki, kilo. Ni kalamu na dakika tano kila unaporudi.